Viti vya Nguruka

Vilishuka na treni ya Alhamisi, viti arobaini,
vidogo, vya mbao nyeupe, havina hata mkwaruzo
isipokuwa kimoja.

Barua ilisema: shule tumeifunga.
Machi alihitimu mmoja, wa mwisho.
Huko, nasikia, kodi ya chumba humeza mshahara;
mtoto hupigiwa hesabu, akaahirishwa,
akaahirishwa tena.
Kengele yao sasa yawaita wazee kunywa dawa.

Darasani kwangu wamo mia na kumi na wawili.
Nikagawa. Wengi wamebaki sakafuni.

Kile chenye mkwaruzo wamekikalia Bukuru na Butoyi,
kila pacha tako moja,
wanafuatisha kwa kidole jina wasiloweza kulisoma,
la aliyecheza kombolela
peke yake.