Anza na Namba Nne

Somoe, umeniuliza uanze na ipi.
Kwanza nikueleze nilivyozipata,
maana sikuzitafuta.

Nilikwenda kwa Chikawe, pale stendi ya Newala,
anapojaza watu nyimbo kwenye flashi,
nikamwambia: nijazie jazi.
Nilitaka zile za baba, magitaa matatu
na mwimbaji anayemlilia mke aliyeondoka bila kuaga.
Kijana akabonyeza, akapokea elfu mbili yake.

Usiku ule ukungu ulishuka hadi kwenye vitasa.
Nikachomeka flashi, nikabandika wali,
nikamngoja mwimbaji.
Ikaja tarumbeta, kama mtu anayesema siri
mkono ukiwa mdomoni.
Kinanda kikaitikia.
Nikasema, haya, huo utangulizi.
Dakika tisa, Somoe.
Wali ukaungua na hakuna aliyeimba.

Asubuhi nikaenda kudai elfu mbili yangu.
Chikawe hayupo, kaenda msibani Kitangari.
Basi kwa hasira ya kukosa wa kumgombeza
nikaicheza tena.

Hapo ndipo nikasikia ufagio.
Nakuapia, yule mpiga ngoma hapigi, anafagia.
Chelewa za mama, alfajiri, uani,
kabla hajatuamsha:
shwa, shwa, halafu kimya kidogo
pale alipokuwa akilikwepa jiwe.

Unaijua kazi yangu, karani wa mizani.
Gunia, kilo, andika. Gunia, kilo, andika.
Msimu mzima watu wananitazama vidole
wakidhani naiba.
Sasa huyu bwana anapunguza hapa, anazidisha pale,
unasema hesabu imemshinda,
kumbe mwisho wa safari
haijapungua hata korosho moja.
Nilicheka peke yangu jikoni.

Majina hayakuja nazo. Nazijua kwa namba tu,
kama vyumba vya gesti.

Anza na nne.
Nne ni ya kuchambulia mchele, haina haraka na mtu.
Sauti iwe chini, pale ambapo
ukifunika sufuria unakosa noti moja.
Usianze na tisa. Tisa ni saksafoni mbili zinagombea urithi,
shemeji atakwambia uzime,
na hatakuwa amekosea.

Kumi na moja ingoje mvua.
Huku kwetu bati likianza kulia
na maji yakishuka kwenye tangi,
sijui tena tone lipi ni la kinanda
na lipi ni la kuogea kesho.
Ninyi wa Lindi maji mnayo bombani,
labda utaisikia vingine. Utaniambia.

Namba sita usiicheze ukiwa peke yako.
Lile gitaa nene, la kusimama, kimo cha mtu,
linabaki lenyewe, wenzake wote wamenyamaza,
linakohoa taratibu, kwa zamu,
kama baba chumba cha pili.
Mimi niliinuka nikaenda kuangalia.
Kulikuwa na magunia matupu na baiskeli yake.
Nikarudi, nikakaa. Iliisha. Nikairudisha mwanzo.

Chikawe aliporudi aliniona sokoni, akaona aibu.
Samahani, alisema, nilikosea faili,
lete nikubadilishie bure.
Nikaushika mfuko wangu
kama niliyeona mwizi.

Flashi hiyo, nimeifunga kwenye leso,
nimempa kondakta wa basi la Alhamisi, yule mwenye kengeza.
Sikiliza nyumbani, usiku, vyombo vikiwa vimeoshwa.
Usimngoje mwimbaji. Mimi nilimngoja wiki nzima,
na siku niliyoacha kumngoja
ndiyo siku niliyoanza kusikia.

Nirudishie kabla ya mnada wa kwanza.
Nimebaki na spika za gari la matangazo, bei ya salfa,
bei ya salfa, bei ya salfa.

Na tisa? Siku hizi naipenda.
Usimwambie shemeji.