Kutu ya Jineri

Tulikuwa sita, na mzigo mmoja wa marekani
uliofungwa kwa kamba ya nyavu.
Meli ya Nansio ilitutema Mwanza saa tano,
Nyanjige bado na kichefuchefu chake,
dada wawili wa Bunda wakibishania nauli,
Magesa tayari akihesabu fulana atakazouza,
na mimi na daftari la mwanangu, kurasa za nyuma,
juu nimeandika: RANGI.

Nyumba ya Hansaben iko nyuma ya Makoroboi,
ngazi nyembamba, harufu ya bizari
na ya kitu kilichochacha.
Hakutukaribisha kwa maneno mengi.
Alitazama mikono yetu, upande huu na ule.
"Kucha," akasema. "Kateni kwanza."

Halafu vibao. Vya msaji, vyeusi kwa jasho la viganja,
vilivyosafiri na babu yake kutoka Kachi
ndani ya sanduku la mchele:
embe lililopinda shingo, maua ya nukta nukta,
na kimoja kilichopasuka, kimebanwa kwa spoki ya baiskeli.
Shika hivi. Weka. Gonga kwa kisigino cha kiganja.
Inua wima, usiburute.
Embe langu la kwanza lilizaa pacha.
La pili likaota mkia.
Mwalimu Nyabise, aliyezoea kusahihisha wengine,
alinyamaza tangu chai hadi adhuhuri.

Siku ya pili tulichapa kisichoonekana:
shabu na gundi ya mgunga, machoni maji matupu.
Safu kwa safu, kama vipofu wanaopanda mtama,
mpaka nguo ilipoingia sufuria ya magome ya mkasiri
na wekundu ukaja, si kila mahali,
pale tu tulipogusa.
Nikakumbuka maneno ya mama mkwe
mwaka wa kwanza wa ndoa.
Mengine yalikaa miaka kumi yakingoja kuchemka.

Weusi ulikuwa mtungini, chini ya ngazi:
sukari guru, maji, vyuma chakavu,
siku ishirini, povu juu, usiombe kunusa.
"Vyuma vya wapi?" nikauliza.
"Vya jineri. Babu alikuwa karani wa mizani pale."

Akaendelea kukoroga.

Baba yangu aliuza pamba pale misimu kumi na mitatu.
Alikufa akiamini kila gunia lake
lilipungua uzito njiani, kati ya bega na mizani.
Nilishika mwiko. Sikusema.
Nikamtazama Hansaben, miwani imefungwa uzi,
mikono ina makovu ya chokaa,
naye akanitazama kama mtu anayengoja kofi
au anayengoja bei.
"Wengi huja hapa," akasema, "na baba zao."
Akanipa kile kibao kilichopasuka.

Nilikichapa usiku huo, pindo lote la nguo,
nikigonga kwa nguvu kuliko alivyofundisha.
Hakunikataza.
Weusi ulitoka mzuri.
Hilo ndilo lililoniudhi.

Siku ya mwisho, nili. Pipa limezikwa uani hadi shingoni.
Nguo ilitoka kijani, kijani cha magugu maji
yanayoziba mwalo wa Kirumba,
Magesa akalaani: pesa yake!
"Ngoja. Haijavuta pumzi."
Tukasimama sita, na yeye wa saba,
tukiikodolea macho kamba ya kuanikia
kama watu wanaongoja majibu Bugando.
Kijani kikaanza kuondoka, kutokea pembeni.
Sitasema ilikuwa buluu ya ziwa.
Ziwa letu asubuhi lina rangi ya chai ya jana.
Ilikuwa buluu ya kitu kilichoamua.

Melini, muuza karanga aliona vidole vyangu
akaniwekea chenji juu ya benchi.
Nikafungua daftari.
Nyekundu: shabu, mkasiri.
Buluu: ngoja.
Nyeusi, na hapo sikuandika neno.
Kuna alama ya dole gumba tu, imetoka vizuri,
kama zile za baba kwenye risiti.