Karani Asiyetetemeka

Kazi yetu ilikuwa kuhesabu mashimo,
Kotido hadi Kaabong, kwenda na kurudi.
Kwenye ekseli tulifunga kipima-mtikiso,
tukakikaza kwa nati nne, kisikose hata kokoto.
Nyuma ya kiti tukafunga kompyuta
iandike kila ekseli inacholalamika.
Hapo ndipo tulipokosea:
tuliwakaza sawasawa,
mlalamikaji na karani.

Diski ya kwanza ilikufa siku ya tatu.
Tki, tki, tki, kama mjusi darini,
kisha kimya.
Lokwang akazima injini akidhani ni beringi.
Nikamwambia, si gari.
Akamshukuru Mungu.
Mimi sikushukuru.

Mle ndani mna sahani ing'aayo kama kioo,
inazunguka mara elfu tano na mia nne kwa dakika,
na juu yake kidole kinachosoma bila kugusa.
Kati yao hewa tu, hewa nyembamba
hata unywele ukianguka pale
ni gogo limelala njiani.
Kikigusa mara moja,
kimeparua Jumatatu yote.

Usiku ule umeme ulikatika.
Kwa tochi ya simu, mdomo ukishika skrubu,
nikaizungushia diski ya akiba kipande cha godoro.
Asubuhi ilikuwa na homa: sponji haipumui.
Nikaining'iniza kwa mipira mirefu, laini.
Ikabembea.
Na kwenye yale matuta madogo ya mfululizo,
mbavu za ng'ombe wa kiangazi,
ikaudaka mdundo wa barabara ikauzidisha,
kama mtoto anayesukumwa bembeani kila arudipo.
Kukaza kunaua.
Kulegeza nako kunaua, ila kwa madaha.

Nangiro anaziba pancha mkabala na pampu ya mafuta.
Aliuliza swali moja: "Uzito wake?"
Sikujua. Tulikwenda kuipima
kwenye mizani ya mwuza mtama:
nusu kilo na ushee.
Akakata tyubu ya baiskeli vipande vinane,
viwili kila pembe, kimoja juu, kimoja chini,
akaacha nafasi ya vidole kila upande.
Akaibonyeza, akaiachia.
"Ikirudi mara moja ikatulia, nzuri.
Ikirudi mara tatu, nirudishie."
Ilirudi mara moja.
Shilingi elfu tatu,
wala hakutaka kujua ndani mna nini.

Tukaenda. Lokwang akajifunza kuniita
kabla hatujafika: "Korongo!"
nami nabonyeza kitufe,
kidole kinakwenda kulala pembeni mwa sahani,
gari linashuka, linagonga, linapanda,
vikombe vinaruka, spana inatafuta kisigino changu.
Tukitoka upande wa pili, naiamsha.
Siku kumi na moja. Haikulia hata mara moja.

Kampala, ghorofa ya nne, sakafu isiyotikisika.
Mhandisi Kyomuhendo akafungua mstari wa grafu,
akauvuta kwa kidole toka Kotido kwenda juu.
"Mbona barabara si mbaya sana?
Na haya mapengo? Hapa hamkupita?"

Nilitaka kumweleza habari za tyubu,
jinsi karani alivyookolewa
kwa kufumbwa macho kila palipokuwa pabaya.
Nikaona ni hadithi ndefu kwa mtu mwenye haraka.

Nikatoa daftari mfukoni,
lile nililoandikia kwa penseli, juu ya paja,
ndani ya makorongo, diski ikiwa imelala.
Hakuna tarakimu inayosomeka.
Saba imekuwa nyoka, nne imevunjika mguu,
mstari mmoja umetoka ukurasani
ukaishia kwenye suruali.

Akaligeuza huku, akaligeuza kule.
"Hii ni nini?"

Kilomita ya thelathini na mbili, nikasema.
Hiyo ndiyo yenyewe.