Salamu Zimfikie Mlinzi wa Geti

Mara ya kwanza niliiona Mtoni kwa Azizi Ali,
banda la Chinguile, kiingilio shilingi hamsini
au chupa mbili tupu za soda kama hamsini huna.
Mabenchi ya mirunda, tivii ya chogo,
gunia dirishani ili jua lisiangalie bure.

Picha ya Kichina. Steringi ana nywele mpaka mabegani,
adui ana jicho moja, na katikati yao
kuna mlinzi wa geti, kibonge, kofia inampwaya,
ambaye usiku wa manane anatoa komeo
na kuwaingiza majambazi nyumbani kwa bwana wake.

Tulimzomea. Mkude alimrushia ganda la muhogo
likanasa kwenye kioo, palepale shavuni pake.
Alipochomwa mkuki tulisimama juu ya mabenchi.
Sefu Lipande, aliyetuchongea kwa mwalimu wiki ile,
tulimwita Geti. Aliitwa Geti mpaka wakahama.

Juzi nimeiona tena. Tabata, sebuleni, kwenye simu,
mwanangu kalala kifuani, homa imeanza kushuka.
Sikuitafuta. Natafuta katuni, ikanijia yenyewe.
Kwanza nilicheka: teke la steringi linapita
hatua nzima mbali na kidevu, na mtu anaanguka.
Teke hilohilo tulikuwa tukiliapia!

Kisha likaja geti.
Na kabla ya geti, jambo ambalo ningeapa halikuwepo:
mlinzi amechuchumaa mbele ya bwana wake,
bakuli mikononi, anaomba.
Bwana anakula. Hageuki.
Halafu chumba kidogo, kitanda cha mianzi,
mtu kafunikwa gubigubi, halioni jicho,
na chini ya kitanda viatu vidogo sana.
Mlinzi anavipanga, kimoja ubavuni mwa kingine.
Anatoka.
Ndipo komeo.

Nikarudisha nyuma. Vipo.
Nikarudisha tena.

Kumbe hapo ndipo mtafsiri wetu,
aliyejaa kwenye spika kuliko yeyote kwenye picha,
alipokuwa akituma salamu. Zimfikie fundi Mng'anya
wa cherehani, pale Mtongani, suruali bado naisubiri.
Zimfikie mama ntilie wa stendi, deni nalikumbuka.
Zimfikie shemeji, anajijua.
Aliporudi kwenye picha alisema tu:
"Huyo sasa, mbwa, anafungua."
Tukaamini. Nani alijua Kichina pale Mtoni?

Na steringi, sasa namtazama vizuri,
anapita getini mara sita, nimehesabu,
hajampa yule mtu hata "habari za asubuhi."

Nilikuwa na miaka kumi na moja.
Sikuwa nimewahi kushika funguo za watu.
Baadaye nilizishika: stoo ya dawa, hospitali siitaji,
masika yale mama alipokuwa akikohoa mpaka alfajiri.
Sisemi nilifanya nini.
Nasema uzito wa funguo naujua.

Saa tano usiku nikampigia Mkude.
Siku hizi yuko Kongowe, anauza mabati.
Nikamweleza bakuli, nikamweleza viatu.
Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
"Lakini si alifungua?"

Alifungua.
Na yule mpishi mcheshi, tuliyempenda wote,
alikufa ameshika mwiko.
Sina jibu la mpishi, Mkude.
Hata kumsamehe sijamsamehe, nadhani.
Ila lile ganda la muhogo limeanza kuniwasha mkononi,
na halikuwa langu, lilikuwa lako.

Akacheka, akasema nilale.

Nikabaki nayo. Mkuki ulikuwa unakaribia.
Kwenye kioo palikuwa na tone la dawa ya mtoto,
limekauka, palepale shavuni pake.
Nikalifuta kwa kidole gumba
na picha ikaruka mbele:
tayari kumekucha, geti liko wazi,
steringi amepiga magoti uani, analia,
na yule kibonge hayupo popote.