Beseni

Chuma chetu ni bomba la maji,
kila ncha kopo la rangi lililojaa saruji.
Leo, uani kwa Mchopa, Chikongola,
nimekinyanyua mara arobaini;
ya arobaini na moja kikaondoka na ngozi.

Usiku hata tonge la ugali linaniuma.
Somoe hacheki. Anachemsha maji, anatia chumvi,
ananikanda kiganja kwa kiganja.
"Lengelenge usilitumbue. Lina siku yake."

Ndipo navihisi vidole vyake:
ncha tupu kama kioo,
zimelika kwa utomvu wa maganda ya korosho.
Juzi, kusajili laini ya simu,
mashine ilizikataa mara tatu.

Nani amemkanda huyu, misimu yote?

Nasogeza beseni upande wake.
Maji bado ya moto.