Mkamwana

Jumapili, baada ya ibada ya pili,
Eliamani ananiletea simu yake dukani.
"Shangazi, tazama, nimempata Mkamwana."

Naweka chini kipimo cha mchele.
Ndani ya kioo chenye ufa
injini inapita katikati ya majani mabichi mno,
imepakwa kijani, shaba inang'aa kama sinia la harusi,
na watoto wenye kofia za sufu wanakula aiskrimu
katika baridi ile.
Ubavuni, namba ile ile.

Kando ya reli kuna kibao. Eliamani ananisomea:
alizaliwa hapa, akapelekwa ng'ambo
miaka thelathini na minne, kisha akarudi nyumbani.

Ng'ambo!
Kumbe ng'ambo ndiyo Kahe. Ng'ambo ni Rundugai,
ni tangi la maji la stesheni ya Moshi
ambapo mama alichota ndoo huku nyapara akimfukuza.
Ng'ambo ni mimi, nimekaa juu ya rundo la kuni
namsubiri baba ashuke na macho mekundu.

Baba, Kasanda mtia moto, mtu wa Urambo,
ndiye aliyempa jina. Alisema
aliyetoka mbali hivi,
akashushwa Tanga kwa minyororo na miluzi,
akapanda na mizigo ya watu bila kuuliza ni ya nani,
huyo si mgeni, ni mke wa mwanetu.
Alimjua hata ugonjwa: upande wa kushoto
alikohoa kila alipoanza mlima.
Baba alimbembeleza kwa Kinyamwezi,
akampaka mafuta kabla ya kujipaka mwenyewe.

Siku walipomchukua hakukuwa na kikao,
wala hakuna aliyedai mahari irudishwe.
Walimfunika turubai
kama maiti ya mtu asiye na ndugu.
Baba alipewa saa ya mkononi, na barua.

"Rudisha nyuma," namwambia Eliamani.
Video inaanza upya. Daraja, kona, kilima,
na pale, kabla mluzi haujaisha,
kikohozi.
Upande wa kushoto.

Wamembadilisha jina, wamemjengea banda lenye joto.
Hicho hawakukiweza.

Mteja anagonga kaunta: nusu kilo, mama, nachelewa.
Napima. Inazidi kidogo, mkono haujatulia.
Nje, njia ya zamani ya mabehewa imemezwa na ndago
mpaka getini,
na mji huu bado unaitwa Moshi.