Nusu Kaputi

Saa kumi na mbili asubuhi nachota maji,
nayasubiri yaache ubaridi wa mlimani,
kisha nakoroga maziwa ya unga, kopo zima,
mpaka beseni liwe jeupe
kama jicho lenye mtoto wa jicho.
Ndani ya weupe huo, kidole kimoja chini ya maji,
nimeficha kigoda cha bati.

Panya hakioni. Anaogelea.
Anachokiona ni kuta za chumba chetu hapa Moshi:
kalenda ya chama cha kahawa, imegandia Machi,
koti langu la mvua kwenye msumari,
dirisha, na dirishani Kibo, siku akipenda.
Kwa hivyo vitatu anapiga hesabu zake,
na siku ya tano anakwenda moja kwa moja,
anapanda, anajikung'uta, ananitazama
kama mtu aliyefika kwake akakuta mlango umerudishwa tu.

(Koti nimekatazwa kulivaa.
Siku moja mvua ilinizidi, nikalichukua,
Dokta Aisaria akafuta matokeo ya asubuhi nzima.)

Jumatatu ni siku ya mvuke.
Sanduku la kioo, mpira, chupa ya kahawia,
usingizi wa saa mbili.
Sharubu hutetema kwanza, kisha hutulia.
Thelathini na Moja alikuwa mzee wa kundi,
miezi ishirini na miwili,
umri ambao panya, angekuwa mtu, angekula pensheni.
Daftarini hana jina. Mimi namwita Karani,
kwa jinsi anavyolamba vidole kama anayehesabu noti.

Nusu kaputi, tunasema.
Sikuwahi kuuliza nusu nyingine huwekwa wapi.

Nilidhani atasahau.
Wiki mbili baadaye nikamtia majini:
hakusahau kitu. Aliyakata maji hadi palepale.
Basi, akasema Dokta, hamishia kigoda upande wa mlango.

Vijana waliovuta mvuke uleule
walizunguka, wakakipata, kesho yake wakakijua.
Wazee waliovuta hewa tupu
walichelewa, wakajifunza.
Karani alikwenda palepale.
Kesho, palepale.
Keshokutwa anafika, hakuna kitu, anazunguka kiduara
kama anayepapasa mfuko kwa mara ya tatu.
Miguu yake haikuwa na shaka hata kidogo.
Hilo ndilo lililoniuma.
Niliandika: sekunde sitini, hakupata,
nikamtoa kwa mkono, nikamkausha kwa taulo,
moyo wake ukidunda kwenye kidole gumba changu.

Nyumbani Pasua, tangu apasuliwe nyonga mwezi wa nane,
Mama anakumbuka bei ya kahawa ya mwaka niliozaliwa,
na nani alikuja msibani, na nani hakuja.
Lakini swichi ya taa tuliihamisha mwezi wa tisa.
Kila jioni anaipapasa pale pa zamani,
kiganja kinateleza juu ya plasta mpya,
kinapanda, kinashuka,
na mimi nimesimama gizani, nahesabu sekunde.

Nilimuuliza Dokta. Alivua miwani.
"Panya si mama yako, Elirehema.
Mama ana miaka sabini na tisa,
alikuwa na maumivu, homa, dawa aina tano.
Beseni langu haliwezi kunijibia hilo.
Na asingepasuliwa, asingetembea."
Ni mkweli, ndiyo maana nafanya naye kazi.
Na kweli Mama anatembea.
Anatembea mpaka ukutani.

Juzi nilimleta fundi kutoka Kiboroloni.
"Swichi mbili kwa taa moja?"
Mbili, nikasema. Hii iache, ile irudishe.
Akacheka, akatoboa plasta.

Kesho ni zamu ya Karani, siku ya sita.
Kigoda siwezi kukirudisha.
Koti litabaki msumarini, kalenda Machi.
Ila maji yake nitayapasha kidogo zaidi,
nyuzi moja tu,
ambayo sitaiandika.